Chuma Nilichokisugua Mpaka Kikang'aa

Sifa, mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia kuhusu mafuta ya gari, milango ya kufunga na watu wa kutowafungulia, na najua atayarudia yote asubuhi ukiwa umeshakaa kwenye usukani kuelekea Houston. Kwa hiyo mimi hayo nayaruka. Umekwenda kuagana na wenzako wa kwaya, nyumba imepoa, na yeye yuko jikoni anakupikia sombe, yale majani ya muhogo uyapendayo, ya kubeba. Analia. Anasema ni kitunguu, na kitunguu chenyewe bado kiko kizima juu ya meza.

Nataka kukuandikia juu ya vyuma vyangu. Najua hapo tayari umevuta ile pumzi yako ya kuchoka. Baba za wenzako hapa Mesquite, Texas, wakirudi kutoka ghalani wanatazama mpira, na mimi natazama tsuba, vile vibamba vya chuma vya duara vinavyokaa kati ya mpini na makali ya upanga wa Kijapani ili vidole visikatwe. Mmenicheka sana kwa hilo, wewe na mama yako, na mlikuwa na haki. Mkongo wa Fizi na panga za Wajapani wapi na wapi? Lakini leo nivumilie. Nataka niseme mpaka mwisho bila wewe kunikata katikati na ile "okay Papa, I get it."

Cha kwanza nilikipata tulipokuwa wageni hapa, wewe ukiwa huna meno ya mbele. Nilikuwa nimeanza kazi kwenye lile ghala la mnada linalopokea vyombo vya nyumba za watu waliokufa. Ndani ya ndoo ya bawaba na makufuli mabovu kulikuwa na kibamba kimejaa kutu, kimetobolewa umbo la korongo aliyekunja mabawa. Msimamizi akaniambia nikichukue, kwake kilikuwa takataka. Nikakileta nyumbani. Ulinikuta nimechuchumaa nje ya mlango, ukaniuliza ni sahani ya nani.

Unajua nilivyolelewa. Baba yangu alikuwa akiona jembe lina kutu haulizi ni la nani, anauliza ni nani aliyelala. Chuma tulikisugua kwa mchanga, tukakipaka mawese, kikang'aa, na nyumba yenye vyuma vinavyong'aa ilikuwa nyumba ya watu wenye akili. Basi nikafanya kama nilivyofundishwa. Nilikisugua kwa brashi ya waya, nikakiloweka kwenye siki, nikakisugua tena kwa mchanga mpaka nikajiona uso. Nilikuwa na furaha siku ile. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisimulia makosa yao hujifanya kama walikuwa na wasiwasi tangu mwanzo. Mimi sikuwa na wasiwasi wowote. Nilikuwa naimba.

Nikampelekea Mzee Harlan wa Cedar Hill. Wewe unamkumbuka kwa ile kofia yake na pipi zake za mnanaa. Alikuwa mjane, anakuja mnadani kutafuta vitu vya Kijapani tu, na kila mara alinisalimu kwa jina wakati wengine walinionyesha kidole tu nibebe kabati. Nilitaka kumpa zawadi. Alikipokea kwa mikono miwili, akakipeleka kwenye mwanga wa mlango, kisha akakaa kwenye kochi lililokuwa linangoja kuuzwa. Akaniuliza kwa Kiingereza chake cha polepole kama chini ya ile kutu nyekundu kulikuwa na weusi. Nikamwambia ndiyo, kulikuwa na wekundu na weusi na uchafu wa kila aina, na nimeuondoa wote.

Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa afadhali. Alinieleza kama mtu anayemweleza mfiwa. Ule weusi haukuwa uchafu. Ulikuwa ngozi ya chuma, imekua kwa mamia ya miaka, na kila shule ina weusi wake. Aliposema shule hakuwa na maana ya jengo, alikuwa anasema mafundi wa sehemu moja waliofundishana kizazi kwa kizazi mpaka mikono yao ikafanana. Kutu nyekundu huondolewa kwa kipande cha mfupa, kikavu, kidogo kidogo, miezi na miezi, ili weusi ubaki. Mimi niliondoa weusi, nikaondoa alama za nyundo, nikaondoa hata vile vinundu vya ukingoni ambavyo mafundi wa Owari waliviacha kwa makusudi. Umbo la korongo lilibaki, lakini umbo kila mtu alinakili. Akasema, "Huenda kilikuwa cha Owari. Huenda cha Akasaka. Sasa hakuna mtu duniani atakayeweza kusema."

Nimeishi na sentensi hiyo miaka yote hii. Kwanza nilifikiri inahusu chuma.

Baada ya hapo alinitaka niende kwake Jumamosi. Sijui kwa nini. Pengine alikuwa mpweke, pengine aliogopa nitasugua kingine. Alinifundisha kukishika kwenye kingo tu, kukipindua taratibu, kutazama kwanza chuma chenyewe, halafu ukingo, halafu lile tundu la katikati ambamo upanga ulipita na alama za patasi zilizolizunguka. Saini ya fundi, kama ipo, ndiyo ya mwisho kabisa. Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili. Nilipata kimoja ghalani chenye saini nzuri, wazi, na nilipoilinganisha na vitabu alivyoniazima nikakuta ni jina la fundi mkubwa mno. Sikungoja Jumamosi. Nilitangaza kanisani. Mama yako alishaanza kuchagua nyumba ya kununua. Mzee Harlan alikitazama kwa muda mfupi tu, akakiweka chini, akasema mkono uliochonga jina si mkono uliochonga chuma. Chuma kilikuwa cha fundi wa kawaida wa kijijini. Mtu fulani, zamani, alitaka kiwe na baba mwenye jina, akakichongea.

Nilimuuliza mbona mimi sikuona, na tofauti ilikuwa mbele ya macho. Akaniambia sikuona kwa sababu nilitaka sana jina lile liwe la kweli.

Hilo ndilo pekee katika barua hii linalofaa kuitwa ushauri, Sifa, kwa hiyo lichukue. Huko Houston watu watakupa majina. Wenzetu wa kutoka nyumbani ni wema na wana haraka. Utakaa kwenye harusi kule Alief, mama mmoja atakushika kidevu, atasema pua hii naijua, huyu ni wa kina fulani, na moyo wako utaruka. Uache uruke, lakini usihamie humo. Utataka sana awe amesema kweli, na nimekuona wewe ukitaka kitu, huli wala hulali.

Sasa nifike pale tulipofika mwezi wa kwanza, mezani.

Ulikuwa umetemea mate kwenye kichupa cha kipimo cha vinasaba na kukituma, na majibu yalikuwa yamerudi. Ramani yenye rangi iliyomwagikia nchi kadhaa, na jina moja la mwanamke wa Sugar Land, kando ya Houston, ndugu wa mbali, wa mbali sana. Hukuwa umetuficha kwamba unatafuta, na sisi hatujawahi kukuficha kwamba hatukukuzaa. Hilo tulikwambia ungali mdogo na ninashukuru. Lakini siku ile uliuliza maswali ambayo hukuwahi kuyauliza.

"Papa, mulikuwa munajua chochote? Like, anything? Nywele? Nguo?"

"Tulikunyoa, mwana," mama yako akasema. "Ulikuwa na chawa."

"Na nguo?"

"Tulichoma."

"Nilikuwa na shanga? Watoto si wanavaaga shanga?"

Mama yako alitazama mikono yake. "Nilikata. Kamba ilikuwa imeoza. Nilitupa chooni."

Ukanitazama mimi, si yeye. "You guys scrubbed me," ukasema. "Papa, mulinisugua. Kama kile kichuma chako."

Mama yako aliinuka akaenda kuosha sahani zilizokuwa safi. Mimi nilibaki nimekaa. Ulikuwa umesema kweli yote, na kwa maneno yangu mwenyewe.

Nitakuambia ilivyokuwa, si ili unisamehe. Tulivuka ziwa kukimbia vita, tukafika kituo cha mapokezi upande wa Tanzania, mama yako akiwa ametoka kumzika mtoto wetu mchanga, Bahati, njiani na nguo yake bado ina maziwa kifuani. Ulikuwa umeketi kando ya kidumu cha njano, peke yako, hulii. Watu wanapita, wanakuruka miguu. Mama yako hakuniuliza. Alikuinua kama mtu anayeokota kitu chake. Ulipofungua mdomo, lugha iliyotoka haikuwa yetu, na jirani yetu kwenye foleni akageuka kwa hasira: "Papa, munyamazishe huyo mutoto. Ile luga yake itatuletea matata." Ilikuwa ni lugha ya watu ambao wengi pale waliamini ndio waliotuchomea nyumba. Wewe ulikuwa hujui hata kufunga kifungo, na tayari ulikuwa upande wa maadui.

Mwandikishaji alipofika akaelekeza kalamu kwako. "Na huyu?"

"Ni wetu," nikasema. "Ni wa mwisho."

Nilisema kabla ya kufikiri. Watoto waliookotwa walipelekwa kwenye mstari mwingine, wakangoja ndugu, na tulikuwa tumesikia kwamba wengine hungoja mpaka wanapotea kabisa. Niliogopa wakikuchukua mama yako atalala chini asiinuke. Basi jioni ile tukakunyoa, tukachoma, tukakata, na tukakufundisha kusema "Papa" na "maji" na "ndiyo". Ulijifunza upesi. Watu walitusifu kwa jinsi ulivyokuwa msafi.

Kinachonikosesha usingizi si kwamba tulikuchukua. Ni ule mstari wa pili. Nimeufikiria miaka yote hii. Huenda shangazi yako alikuwa pale pale, nyuma ya hema la maji, anauliza kila mtu kama wamemwona mtoto mwenye misuko na shanga kiunoni, na watu wanatikisa vichwa kwa uaminifu kabisa, kwa sababu mtoto wa namna hiyo hakuwepo tena.

Na bado, Sifa, ukinirudisha pale na akili hii niliyo nayo leo, nadhani ningesema tena "ni wetu." Ndiyo maana siwezi kukuomba msamaha sawasawa. Mtu anayeomba msamaha awe ni mtu ambaye hangerudia.

Mzee Harlan alipokufa watoto wake waliuza mkusanyiko wake wote kwa mkupuo, ukaenda ng'ambo, pamoja na karatasi zake. Kile changu kilichosuguliwa wakanirudishia kwa sababu hakuna aliyekitaka. Kimo kwenye droo ya soksi. Sikupi, usikitafute kwenye begi lako. Watu husema ngozi ya chuma hurudi ukikiacha kwa muda. Nimekiacha. Kinachorudi ni kutu tu, kutu ya hapa, ya unyevu wa Texas, haina habari yoyote ya kule kilikotoka. Kabla hajafa, Mzee Harlan aliwahi kukituma Japani kwa wazee wanaotoa hati, bila kuniambia. Vingine alivyotuma pamoja nacho vilirudi na hati. Kimoja kilipewa jina la fundi, na vingine, ambavyo havikuwa na saini, vikapewa shule tu, na mwenye kupewa shule hufurahi, maana si haba. Changu kilirudi na mstari mmoja unaosema haiwezekani kuamua.

Nakuambia haya kwa sababu sitaki uendeshe gari mpaka Houston ukifikiri baba yako anaamini utapata. Siamini. Yule mama wa Sugar Land nimezungumza naye. Ndiyo, nilimpigia, umwambie mama yako au usimwambie, shauri yako. Ni mtu mwema, anatunza wazee kama nusu ya watu wetu, anazungumza kwa kukimbia kwa sababu yuko kazini. Akaniambia, "Papa, mwache akuje, nitamupokea. Lakini miye mwenyewe sijui batu yangu beko wapi." Familia yake ilitawanyika akiwa msichana. Hajui babu zake walitoka upande gani wa mlima. Anakusubiri wewe kama wewe unavyomsubiri yeye, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye mwenye jibu. Nilitaka kumcheka na nikashindwa.

Mtakaa mezani mtazamane. Labda masikio yenu yatafanana. Kwa wengine hilo linatosha, na kama litakutosha wewe nitashukuru. Lakini nakufahamu.

Nenda hata hivyo. Sikuzuii, na nimemkataza mama yako asikuzuie. Kazi umepata, chumba umepata, na hapa kila ukinitazama unaona brashi ya waya. Afadhali uende.

Juzi, ukifunga masanduku, ulinifanyia jambo ambalo sijui kama ulikuwa unatania. Ulisimama mbele ya taa, ukageuza uso upande huu na upande ule, ukasema, "Come on, Papa. Niangalie vile unaangaliaga tsuba. Sema nilitoka wapi." Nikasema ninasikia kiu, nikaenda jikoni. Nilifungua bomba nikasimama nalo mpaka ulipozima taa.

Basi nakuangalia sasa, kwa kuwa hupo.

Nywele zilikuwa zimesukwa mistari myembamba kutoka kwenye paji, yote inapinda na kukutana nyuma ya sikio la kushoto. Si kazi ya haraka. Mtu alikaa nawe mchana mzima na ulikuwa umezoea kukaa. Ngozi yako, chini ya vumbi, ilikuwa imepakwa mafuta siku si nyingi zilizopita. Shanga zilikuwa za bluu na nyeupe, zimepangwa kwa mpangilio ambao mama yako hakuuhesabu. Kikombe ulikishika kwa viganja viwili kutoka chini, na hukunywa mpaka mtu mwingine anywe kwanza. Mtu mzima alipokukaribia uliinamisha kichwa ili akiguse, na kama hakukigusa uliendelea kuinama unangoja. Hukuogopa mbuzi. Uliogopa paka. Uliposhiba ulilaza shavu juu ya goti la yeyote aliyekuwa karibu, bila kutazama ni nani, kama mtoto ambaye magoti yote aliyowahi kuyajua yalikuwa ya watu wake.

Hayo ndiyo niliyoyaona kabla hatujamaliza kukuosha. Nimeyapima kwa uaminifu wote niliofundishwa. Yanatosha kusema kwamba ulitengenezwa na watu wenye mikono mizuri, na kwamba walikupenda. Hayatoshi kusema ni akina nani, wala kijiji, wala upande wa mlima.

Kuna moja zaidi, ambalo mezani sikulisema.

Kila jua lilipozama, pale kambini, ulitoka ukasimama kwenye mlango wa hema ukaita neno moja. Hukuwa unalia. Uliita kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mwenzake aliyechelewa kisimani, unanyamaza kidogo upate kusikia, unaita tena. Lilikuwa la lugha yako. Majirani walikuwa wanasikia. Nilikwambia shii, na uliponitazama ukaita tena, nikakuwekea kiganja mdomoni. Sikukubana. Niliweka tu. Ikawa hivyo jioni nyingi. Halafu jioni moja ulitoka, ukasimama mlangoni, ukatazama njia, ukarudi ndani bila kuita, na mimi na mama yako tukamshukuru Mungu kwamba umezoea.

Neno hilo nililisikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, Sifa. Nilikuwa nalijua. Ningeweza kukutajia leo ukingo wa kila tsuba iliyopita mikononi mwangu, na hilo limenitoka. Nimekaa hapa tangu mchana nikilijaribu kwa midomo. Lilikuwa fupi. Nadhani lilianza na "m", lakini hata hiyo naogopa kukuandikia, maana huenda nimeitia mwenyewe kwa kutaka. Nimekwenda jikoni sasa hivi kumuuliza mama yako. Ameacha kukoroga, amesimama na mwiko mkononi, amefumba macho kwa muda mrefu, na yeye pia halikumbuki.

Lilikuwa jina la mtu. Hilo nina hakika nalo. Ulikuwa unamwita mtu, na mimi nikakuziba mdomo.

Papa wako